Msiniambie "we kaa tu"

Kuna maneno matatu nimeyachoka kuliko baridi ya mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, na wanaoniambia ni watu wanaonipenda kabisa, hapo ndo tabu inapoanzia. "Mama we kaa tu." Nikinyanyuka kuchukua ndoo, mama we kaa tu. Nikishika kisu nimenye viazi, bibi we kaa tu utajikata. Juzi kulikuwa na msiba mtaa wa pili, nikatoka nyumbani na kisu changu nimekifunga kwenye khanga, maana sisi tulivyokuzwa msibani unaenda kumenya, hauendi kutazamwa. Nafika tu wasichana wakanivutia kiti cha plastiki, mwalimu we kaa hapa na wenzio. Nikakaa na kisu changu kwenye khanga mpaka jioni, nikarudi nacho kisafi kama nilivyotoka nacho.

Nina miaka 68. Nilistaafu 2017 kwa lazima, si mnajua kwa hiari ni 55, sasa mi hiyo hiari niliikataa nikasubiri 60 wanitoe wenyewe. Niliingia kufundisha enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ile miaka ya sabini mwishoni, na nawajua mnavyotucheka walimu wa UPE (chekeni tu, ila hivi mnavyosoma hapa kuna mtu aliwashika mkono mkaandika a e i o u). Karibu miaka arobaini naamka saa kumi na moja najua kuna watoto sitini wananingoja, wengine hawajanywa hata chai, halafu siku moja unapewa cheti na bati kadhaa na keki, unaambiwa asante mwalimu nenda kapumzike. Nikapumzika. Wiki mbili za kwanza tamu sana sikatai. Ya tatu nikajikuta nasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu.

Mwaka juzi binti yangu mkubwa akanichukua nikakae kwake Dar nipumzike vizuri. Nyumba nzuri, feni juu, tivii kubwa kama ubao, dada wa kazi anaosha hadi kikombe ambacho sijamaliza kunywea. Joto nililivumilia, sio la kusingizia. Shida kule watu wanatoka getini bado giza kuwahi foleni, wanarudi saa mbili usiku wamechoka hata salamu inawatoka kwa shida, na mi mchana kutwa nimebaki na huyo dada wa kazi ambaye na yeye ananiogopa kwa sababu kaambiwa bibi asiguse kitu. Nilidumu wiki tatu. Nikasingizia kikao cha kikoba, nikapanda basi. Zaidi ya kilometa 800 magoti yakavimba kama maboga lakini basi lilipomaliza kupanda mlima Kitonga nikasikia hewa imebadilika, Mafinga nikatoa sweta kwenye begi, Makambako nikanunua mahindi ya kuchoma kwa dirishani, na kufika Chimala nilikuwa nimeshaanza kupiga stori na abiria wa mbele na wa nyuma.

Raha zangu za saivi ni ndogo ndogo na sioni haya kuzisema. Kuna ukuta wa nyuma ya nyumba, mwezi wa sita mpaka wa nane jua linaufikia kama saa tatu asubuhi hivi, unaweka kigoda, unanyoosha miguu, chai ya rangi ya tangawizi mkononi, usiku maji ya bomba yalikuwa yanang'ata vidole na sasa mgongo unapata moto taratibu, yaani hapo hata simu ikiita siipokei. Halafu shikamoo. Kutoka kwangu mpaka dukani ni dakika tano, mi natumia nusu saa kwa shikamoo mwalimu peke yake. Kuna dereva bajaji nilimfundisha darasa la tatu, mtu mzima ana ndevu, akinipakia hataki nauli, na mi kila siku namkumbusha kwamba mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye matope.

Wasiwasi nao upo. Presha, nakunywa dawa. Magoti tumeshayasema. Usingizi unakata saa tisa usiku, unabaki unahesabu mabati. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zilinipa homa mwanzoni, moja nilikaribia kweli kutuma maana nilikuwa nadaiwa mchango wa harusi, siku hizi najibu tu "hela ipi mwanangu?" hawarudi. Na mkaa. Jamani wenzangu wa nyanda za juu, hili nalisema kila baridi ikianza, usilale na jiko la mkaa ndani umefunga madirisha, ile hewa yake ya sumu haina harufu, hauamki ukakohoa, unaendelea kulala tu ndo basi. Mimi natumia chupa ya maji ya moto naizungushia kitambaa naweka miguuni, inatosha kabisa.

Wastaafu tuna kitu kinaitwa uhakiki, unathibitisha kwamba bado upo hai ili pensheni iendelee. Wenzangu wanalalamika wanaona kero, mi huwa nasema moyoni angalau kuna mtu anataka kujua kama nipo.

Jirani yangu hana hata wa kumhakiki. Amepita miaka sabini, maisha yake yote amelima viazi na mahindi, amewalisha watu wa mijini huko ambao hawamjui, na kwa kuwa jembe halina mwajiri basi hana pensheni. Sera ya wazee ya 2003 inamtambua, ukifika 60 we ni mzee na kama huna uwezo utibiwe bure, sawa. Chakula anapata, watoto wake sio wabaya. Ila siku moja tunaenda kanisani akaniambia, mwalimu, unajua hata sadaka namuomba mkwe wangu. Nilikosa la kusema. Mtu aliyesomesha watoto wanne kwa magunia ya viazi anafumba kiganja asubuhi ya Jumapili kiganja hakina kitu. Zanzibar walianza 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa asiajiriwe, na nilisikia watu wanacheka kwamba 20,000 itafanya nini. Itafanya nini! Ni sadaka ya Jumapili nne na andazi la mjukuu na chenji inabaki, na mjukuu akitumwa dukani anatumwa na bibi kwa hela ya bibi. Mi nataka na huku bara wafanye hivyo hivyo, na nitaendelea kusema mpaka mnichoke.

Kwa sababu naona ni jambo lile lile na kile kiti cha plastiki. Mtoto anatumwa, analalamika, anaenda. Ukikua unatuma na kutumwa. Ukizeeka wanakuondoa kwenye mzunguko wote, hutumwi, na ukituma wanakwambia tulishanunua. Wanangu wanatuma hela kila mwisho wa mwezi, Mungu awabariki, lakini ile siku mdogo wao wa mwisho alinipigia saa mbili usiku anauliza "mama makande unaanza na mahindi au unachanganya na maharage moja kwa moja?" nilifurahi kuliko ile hela. Nikamweleza dakika ishirini, bando lake likaisha, akanipigia tena na lingine.

Anayenielewa ni binti mmoja amepanga nyumba ya jirani, mama ntilie pale stendi ya Nane Nane. Hakuniuliza kama magoti yanauma. Alikuja jioni moja na ungo, mtoto mgongoni, akasema shikamoo mwalimu, nimezidiwa, naomba unichambulie haya maharage ya kesho. Basi. Nikakaa nikachambua, kijiwe huku, lililotobolewa huku, macho yenyewe yananidanganya kidogo lakini vidole vinajua. Tangu siku ile analeta kila jioni. Mara moja kijiwe kilimfika mteja jinoni, binti akanijia juu kweli, "mwalimu jana umenichomea!", nikaomba msamaha na nilicheka peke yangu mpaka nalala, maana ni miaka sijagombezwa na mtu kwa kazi.

Hela sitaki, ananipa sahani ya wali maharage saa nane mchana akirudi, sahani imefunikwa na sahani. Binti yangu wa Dar alivyosikia akaja juu, mama unafanyishwa kazi na wapangaji? Nikamwambia ndiyo, na kesho kuna kilo tatu.