Profesa aliyegongwa kichwa akaamka Farao

Mpwa wangu ana miaka tisa, na kila tukikaa kuangalia kitu huwa ana maswali mawili tu: stelingi nani, adui nani? Akishajibiwa anatulia. Juzi nilimwekea Batman ya zamani, ile ya televisheni ya ABC ya Marekani iliyoanza Januari 1966 na kukoma Machi 1968. Nilichagua kisa cha sehemu mbili kilichorushwa kwa mara ya kwanza Aprili 13 na 14, 1966. Sehemu ya kwanza inaitwa "The Curse of Tut", yaani "Laana ya Tut". Tulipomaliza ya pili, mtoto alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mjomba, sasa huyu King Tut ni mtu mbaya au ni mgonjwa?"

Swali hilo halijanitoka kichwani mpaka leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, bingwa wa historia ya Misri ya kale, mtu mpole wa vitabu. Wanafunzi wanafanya vurugu, profesa anapigwa kichwani, anapoteza fahamu. Anapozinduka hajijui tena kuwa ni profesa. Ni Mfalme Tut, Farao wa Misri, na Gotham City, jiji la kubuni anakoishi Batman, anaiona ni Thebes ya Misri ya kale, mji wake ulionyang'anywa na watu wasiomtambua. Sanamu ya Sfinksi inaibuka katika bustani kuu ya jiji. Askari wake wamevaa sketi za Kimisri, anao watumishi, anaye na malkia wa kukaa ubavuni. Kisha anamteka tajiri Bruce Wayne, asijue kwamba aliyemteka ndiye Batman mwenyewe.

Ukisimuliwa hivi unaweza kudhani ni upuuzi. Mimi naona ni kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, na ustadi wenyewe uko mahali pamoja: hakuna hata mmoja anayecheka. Sote tumewahi kumsikia mtu akisimulia kichekesho huku anacheka yeye kabla ya wasikilizaji, utamu wote ukaishia kinywani mwake. Adam West, aliyecheza Batman, hafanyi hivyo hata mara moja. Amevaa suruali ya kubana na kofia yenye masikio, lakini anazungumza kama mwalimu mkuu anayehutubia gwaride la asubuhi. Anamkumbusha Robin, kijana msaidizi wake, kufunga mkanda wa gari wakati jiji zima liko hatarini. Mtoto mdogo anamwamini kwa moyo wote, mtu mzima anavunjika mbavu, nao wanaangalia picha ileile kwa wakati uleule. Sijui kazi nyingi zinazoweza kuwakalisha hao wawili kwenye kochi moja bila mmoja wao kuchoka.

Lakini mwenye kisa hiki ni Victor Buono, aliyecheza King Tut. Alikuwa na miaka 28 tu. Alikuwa ameshateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya mwaka 1962, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alikuja hapa kwa kukosa pa kwenda. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti nene iliyojaa, na anaitumia yote. Anaamuru, ananung'unika, anadeka kama mtoto aliyenyimwa maandazi, anapaza sauti mpaka unadhani kuta za karatasi za ikulu yake zitaanguka, kisha ghafla anashuka mpaka kwenye mnong'ono wa mtu aliyeumizwa moyo. Mfuatilie macho. Macho ya Buono yanaamini kabisa kwamba ule mji ni wake. Maadui wengi wa tamthilia hii walitoka kwenye vitabu vya katuni, akina Joker na Penguin, watazamaji wakiwa wameshawajua. King Tut alitungwa kwa ajili ya televisheni, hakuwa na historia ya kumbeba. Buono alimjenga kuanzia msingi.

Najua wapo wapenzi wa Batman wasioitaka hii ya 1966. Wao wanamtaka yule wa giza na huzuni, na wanaiona hii kama dhihaka kwa shujaa wao. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Adui wa filamu za siku hizi hupewa nusu saa nzima kutueleza machungu ya utotoni mwake mpaka tumwelewe kwa nguvu. Huyu amepewa pigo moja la kichwa, na mtoto wa miaka tisa amemhurumia bila kuambiwa.

Kuna jambo nililiona safari hii ambalo zamani lilinipita. Katika sehemu ya pili Batman anakamatwa na kuteswa kwa mateso ya Thebes: kokoto zinadondoka moja moja, bila kikomo, mpaka akili imruke mtu. Anajifanya amerukwa kweli, anacheza na kuropoka, kumbe ni mzima. Baadaye anaeleza alivyojiokoa: alikuwa akisema tebo za kuzidisha kinyumenyume kichwani mwake. Nimeshacheka hapo mara nyingi. Lakini hebu yaweke mambo mawili haya pamoja. Kisa kizima kinahusu kichwa. Mmoja anabaki na akili zake kwa sababu alijua kinachokuja akapata muda wa kujikaza. Mwingine alipigwa ghafla, mchana kweupe, akiwa kazini kwake, hakupata hata sekunde ya kuanza tebo ya mbili. Ndipo nilipoona kwamba swali la mpwa wangu limo ndani ya kisa chenyewe, halikuwa la kitoto.

Na mwisho wake unalijibu kwa upole. Tut anagongwa tena kichwani, na Farao anaondoka palepale. Anayezinduka ni profesa, ameduwaa, hajui yuko wapi wala kwa nini amevaa vile. Sauti ya Buono inabadilika kabisa, inakuwa ndogo, ya mtu mstaarabu aliyeaibika kwa kosa asilolikumbuka. Hakuna anayemrukia kwa hasira.

Niseme na linaloniuma. Tutankhamun wa kweli, Farao ambaye jina lake ndilo lililofupishwa kuwa Tut, alitawazwa akiwa mtoto wa miaka minane au tisa, umri wa mpwa wangu, na akafa akiwa na miaka kama 19. Kaburi lake lilifunguliwa na Howard Carter mwaka 1922 katika Bonde la Wafalme, karibu na Luxor, ambayo ndiyo Thebes yenyewe. Mfadhili wa Carter, Lord Carnarvon, alipofariki Cairo mwaka 1923, magazeti yakaivumisha habari ya laana, na jina la kisa hiki linatoka huko. Kwa hiyo mtoto wa Kiafrika aliyekufa kijana alifanywa kwanza kitisho, baadaye kichekesho. Hilo siwezi kulipita kimya. Kinachonituliza kidogo ni kwamba kisa chenyewe kinajua Misri hii ni ya nani. Ni Misri ya profesa wa Marekani, iliyokusanywa maktabani na kuvurugwa na pigo la kichwa. Na Misri ya kweli ilikuwa masikioni mwa watu miaka ile: mahekalu ya Abu Simbel yalikuwa yakikatwa vipande na kuhamishwa juu ili yasimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Tut aliporudi Septemba 1966, dawa yake ya kuwatiisha watu iliitwa "abu raubu simbu tu". Mtunzi alikuwa anasoma magazeti.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba profesa ni mgonjwa, na Tut ndiye mbaya. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Lakini si mtu mmoja?" Nikakubali kwamba ni mtu mmoja. Akataka kujua kama wanafunzi wake walimsubiri darasani. Nikasema bila shaka alirudi kufundisha. Akauliza kama atagongwa tena, nikamwambia ukweli: King Tut yumo katika sehemu nane kwa jumla, mpaka mwaka 1968.

Alifikiri sana. "Basi wamvishe helmeti," akasema, "hata akiwa darasani."