Darubini ya opera: chukua iliyo dhaifu

Mara ya kwanza kwenda kuona opera London nilibeba darubini ya mbugani. Ni 10x42, zawadi ya shemeji yangu anayeongoza watalii Arusha, gramu 700 hivi shingoni. Tiketi yangu ilikuwa ya roshani ya juu kabisa, kule ambako bei inapoa na waimbaji wanabaki ukubwa wa kidole gumba. Nikajiambia, leo nitafaidi kuliko waliokaa mbele.

Sehemu ya pili ya opera yenyewe, Tosca, ya Kiitaliano, ikafika mahali ambapo mkuu wa polisi anakaa kuandika barua. Nikamkazia. Niliona kalamu, niliona jasho, niliona mpaka gundi iliyoshika ndevu za bandia. Ghafla jirani yangu akashusha pumzi kwa kishindo. Upande wa pili wa jukwaa mwanamke alikuwa ameona kisu kwenye meza ya chakula, na amekwisha kukichukua. Tukio ambalo watu walilipia nauli kuja kuliona lilinipita huku nikikagua gundi.

Darubini ya shemeji haina kosa. Hiyo 10 ni mara ngapi inakuza, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ila ukizidisha ukuzaji, duara la kuonea linasinyaa: kutoka mita 30, darubini kama ile inakupa kipande cha jukwaa chenye upana wa mita 3 hivi. Kwa simba aliyelala chini ya mgunga, hiyo inatosha na kubaki. Kwa waimbaji watano wanaodanganyana pande zote za jukwaa, haitoshi. Na mkono nao hutetemeka. Kila mtikisiko unakuzwa mara 10 pamoja na sura ya mtu.

Ndiyo maana nasema 3x yatosha. Aliye mita 30 unamwona kana kwamba yuko mita 10, na hapo uso unasomeka. Darubini nyingi za opera hufuata mtindo wa Galileo: lenzi iliyovimba mbele, iliyobonyea jichoni, basi. Haina vioo vya ziada katikati vya kugeuza njia ya mwanga, kwa hiyo ni fupi, nyepesi na picha yake inang'aa hata taa za jukwaani zikififia. Voigtländer, fundi wa lenzi wa Vienna, alikuwa akiunganisha darubini mbili mbili, moja kwa kila jicho, kwa mtindo huo tangu 1823. Udhaifu wake ni kwamba ukiilazimisha ikuze sana, unabaki kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Muuzaji akikusifia 5x ya namna hiyo, mshukuru uondoke.

Usinunue bila kuijaribu usoni kwako. Nyingi hazikunjiki katikati, kwa hiyo nafasi kati ya macho ni ile ile kwa kila mtu, na uso mwembamba unaweza kuambulia giza upande mmoja. Anayevaa miwani aijaribu akiwa ameivaa.

Mimi nilinunua ya mtumba, 3x25, imevishwa ganda la chaza. (Zamani taa za ukumbini hazikuzimwa, na watu walitazamana wao kwa wao kuliko jukwaa, mapambo yale yalikuwa na kazi yake.) Kabla ya kulipa, itazame ukingo wa paa la nyumba ya mbali. Ukiona mapaa mawili, irudishe, la sivyo utarudi nyumbani na kichwa kinachogonga. Imulike lenzi kwa taa pia: ukungu wa ndani haufutiki kwa kitambaa.

Ambaye huenda mara moja kwa mwaka asijisumbue. Kumbi kadhaa za London zina darubini za plastiki zilizopachikwa nyuma ya kiti cha mbele. Unatia sarafu ya pauni 1, unaichomoa. Mikwaruzo ipo, lakini kwa pauni moja utadai nini?

Ila hata iliyo bora, ishushe mara kwa mara. Tafsiri ya maneno huoneshwa juu ya jukwaa, nje kabisa ya duara lako, na asiyejua Kiitaliano akiing'ang'ania darubini atabaki na midomo inayofunguka tu.

Mwaka uliofuata nilirudi kuona opera ile ile. Barua ilipoanza kuandikwa, ganda la chaza lilikuwa mapajani. Kisu nilikiona kwa macho matupu. Baada ya hapo ndipo nilipoiinua, nimtazame mwanamke yule usoni.