Nililipia Siri za Krismasi, Nikaonyeshwa Duka

Desemba iliyopita nilimlipia shangazi yangu, aliyetoka Moshi kuja kututembelea Marekani, ziara ya Krismasi ya kuongozwa katika bustani moja kubwa ya burudani nje kidogo ya Orlando, jimbo la Florida. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na binti yangu mwenye umri wa miaka tisa. Tiketi za kuingilia bustanini tulikuwa tumekwisha kuzinunua. Ziara yenyewe ililipiwa kando, dola 95 kwa kila mtu, na tangazo lake liliahidi kwamba kwa muda wa saa tatu tungekuwa katika kikundi kidogo, tukipelekwa mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki na kuelezwa jinsi mapambo ya sikukuu yanavyoandaliwa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na bustani za aina hii. Wapo jamaa zangu wanaoziona kuwa ni mitego ya pesa na basi, lakini mimi hupenda kutazama kazi iliyopangwa vizuri, na bustani ya burudani ni kazi iliyopangwa kuliko viwanda vingi nilivyowahi kuvitembelea. Bustani kubwa za Orlando huondoa mapambo ya Halloween na kuweka ya Krismasi ndani ya siku chache mwanzoni mwa Novemba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wageni wakiwa wamekwisha kwenda kulala. Nilitaka kujua watu hao huanza wapi, huhifadhi wapi miti yenye urefu wa ghorofa kadhaa kuanzia Januari hadi Oktoba, na hugunduaje taa moja iliyoungua kati ya maelfu. Hayo ndiyo niliyodhani nimeyalipia.

Kikundi kidogo kilikuwa cha watu 31. Kila mmoja alivikwa beji na kupewa kifaa cha kusikilizia cha kuweka sikioni, kwa kuwa bila kifaa hicho watu wa nyuma wasingesikia neno. Mtembezaji wetu, kijana mchangamfu mwenye kofia nyekundu, alitembea kwa mwendo wa mtu anayefukuzia basi, na kwa sababu sauti yake ilitufikia hata akiwa amekwisha kupinda kona, sisi wenye mzee tulijikuta tukisikiliza habari za mti ambao bado hatujauona, na kusimama mbele ya mti ambao habari zake zilikwisha kupita. Shangazi alikitoa kifaa sikioni baada ya nusu saa, akakitia mfukoni, akaendelea kutazama maua.

Kuhusu taa za mti wa Krismasi tulipewa sentensi mbili: kwamba zamani watu walitumia mishumaa, na kwamba Thomas Edison ndiye aliyetuletea taa za umeme. Mishumaa ni kweli, na ilichoma nyumba nyingi. Lakini aliyewasha mti wa kwanza wa Krismasi kwa umeme alikuwa Edward Johnson, mshirika wa Edison na makamu wa rais wa kampuni yake ya taa, nyumbani kwake New York mnamo Desemba 1882. Aliufunga mti huo taa 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu, akauweka juu ya kifaa kilichouzungusha kwa umeme, kisha akaalika waandishi wa habari waje kuutazama. Sisemi haya ili nionekane msomi mbele ya kijana wa kazi. Nayasema kwa sababu hadithi hiyo ilistahili kusimuliwa hapo hasa, chini ya mti uliofungwa taa ili kuvutia wateja: mti wa kwanza wa umeme ulikuwa tangazo la biashara. Kama ningesimuliwa hivyo, ningecheka na kuona kwamba dola zangu zimefanya kazi.

Kilichoniudhi zaidi kilikuwa theluji. Siku ile joto lilifika nyuzi 26, watu wamevaa kaptula, na jioni theluji ikaanza kudondoka juu ya mtaa mzima kutoka kwenye mapaa. Binti yangu aliinua mkono kama afanyavyo darasani, akauliza ilikuwa imetengenezwa kwa nini. Mtembezaji akatabasamu, akajibu kwamba ni uchawi wa Krismasi, akageuka na kuendelea na safari. Mtoto aliuliza swali la kweli ndani ya ziara iliyouzwa kwa ahadi ya kujibu maswali ya namna hiyo, akapewa jibu la kumpa mtoto wa miaka mitatu.

Jibu halina uchawi wowote, na ni tamu kuliko uchawi. Ni maji yaliyochanganywa na dawa ya kutoa povu, jamaa ya sabuni tunayooshea vyombo. Pampu huyasukuma hadi kwenye kitambaa chenye vitundu, na feni kubwa nyuma yake hupuliza povu likakatika vipande vyepesi vinavyoelea na kukauka kabla ya kuleta utelezi mkubwa. Nilimweleza hivyo usiku ule hotelini. Asubuhi nilimkuta bafuni na soksi yangu na sabuni ya hoteli, akipuliza.

Simlaumu sana kijana yule. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amekaririshwa maneno, na kwamba lolote lililohusu mashine, mafundi au gharama halikuwamo. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la waliotunga bidhaa hiyo: huwezi kumtoza mtu pesa ili umfunulie siri, halafu ukamkataza mfanyakazi wako kuzifunua. Mtu akitaka kuona utembezaji ulivyo, aende mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja. Kule mtembezaji hana kifaa cha sikioni. Huchuma jani, hulifikicha, hukupa ulinuse bila kukutajia jina, nawe hubahatisha, hukosea, huchekwa, na jina la mdalasini halikutoki tena. Mwishoni nako huuziwa vifurushi vya karafuu na iliki, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa ameuziwa kitu alichokwisha kukielewa.

Sisi mwisho wetu ulikuwa duka la mapambo ya miti, na tulikaa humo dakika 45 kwa saa yangu, robo ya ziara nzima. Mahali pasipofikiwa na mgeni wa kawaida palikuwa ua mmoja wa nyuma ambao tuliupita bila kusimama, wenye mapipa ya taka na masanduku yaliyofungwa. Tuligawiwa kikombe cha chokoleti ya moto katika joto lile, na pambo dogo la plastiki lenye mwaka uliochapwa. Shangazi aliligeuza pambo lake mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa ndipo tulipokuwa tukiletwa?" Nikamjibu kwamba naona ndivyo, shangazi.

Niliwaandikia wahusika nikiomba mambo mawili tu: tangazo litaje idadi halisi ya watu katika kikundi, na litaje muda wa dukani. Baada ya wiki tatu nilijibiwa kwa upole mwingi, nikashukuriwa kwa kuthamini uchawi wa sikukuu, na kuambatishiwa punguzo la asilimia 15. Ni la duka lile lile.