Wayahudi wa Iraq: tuache mabomu kwanza, tuongelee maduka

Kila ikija mada ya Wayahudi wa Iraq, kwa nini walihamia Israel kwa wingi mwaka 1950 na 1951, ubishi unaishia kwenye mabomu. Hawa wanasema serikali ya Baghdad iliwabana mpaka wakakimbia, wale wanasema aah wapi, ni Wazayuni wenyewe (wale wa harakati ya taifa la Wayahudi) walilipua sinagogi ya Masuda Shemtov Januari 1951 ili watu waogope wapande ndege za Israel. Kuna Wayahudi wawili walinyongwa kwa kesi za milipuko ya kipindi hicho na bado watu hawajakubaliana nani hasa alihusika. Sawa, tuuache huo ubishi ulivyo. Mimi naangalia maduka na hela za benki, maana hapo saini ni ya serikali na tarehe ipo.

Hawa watu sio kwamba walikuja juzi. Waziri wa kwanza wa fedha wa Iraq, Sassoon Eskell, alikuwa Myahudi, na ndiye aliyekomaa kampuni ya mafuta iilipe nchi kwa thamani ya dhahabu. Soko la Shorja pale Baghdad Jumamosi lilikuwa linapooza kabisa kwa sababu wenye maduka wengi wapo sabato.

Sasa utetezi wa serikali nao una uzito wake, tusijifanye hatuuoni. Mwaka 1948 Wapalestina kama laki saba walipoteza makazi, jeshi la Iraq lilikwenda vitani likarudi mikono mitupu, mtaani watu wana hasira, halafu matajiri wa Kiyahudi wanauza nyumba na kutorosha mtaji kupitia Iran. Serikali yoyote ingeshtuka kuona hela inatoka hivyo. Na mtandao wa chinichini wa Wazayuni ulikuwepo kweli, sio hadithi.

Ila angalia walivyoshtuka. Shafiq Ades, mfanyabiashara mkubwa wa Basra, wakala wa magari ya Ford, akashtakiwa kwamba kauza mabaki ya vifaa vya jeshi la Uingereza yakafika Israel. Washirika wake ambao sio Wayahudi hawakuguswa, yeye akanyongwa Septemba 1948 mbele ya nyumba yake mwenyewe huku watu wamejaa wanashangilia. Kila mwenye duka alielewa ujumbe: kama yule tajiri aliyekuwa anakaa meza moja na wakubwa wameweza kumfanya hivi, mimi muuza vitambaa nani atanitetea?

Halafu ndo likaja la sheria, na hapa ndipo mimi utetezi wote unanishinda. Machi 1950 bunge likapitisha kwamba Myahudi anayetaka kuondoka ruksa, ila aukane uraia na asirudi tena, na dirisha ni mwaka mmoja. Watu zaidi ya laki moja wakajiandikisha, wengi wakawa bado wako Baghdad wanasubiri zamu ya ndege. Dirisha lilipofungwa tu, tarehe 10 Machi 1951, serikali ya waziri mkuu Nuri al-Said ikapitisha sheria nyingine ya kuzuia mali ya kila aliyeukana uraia, benki zikafungwa siku tatu ili mtu asiwahi kutoa chake, maduka yakapigwa lakiri. Yaani mtu kashakuwa hana nchi, sasa hana na stoo. Mtu mzima aliruhusiwa kutoka na dinari 50. Mwezi huohuo wakaongezwa hata waliosafiri kwa pasipoti halali tangu 1948, wasiporudi kwa muda uliowekwa mali yao inazuiwa vilevile.

Kama shida ilikuwa Wazayuni au mtaji unaotoroka, ungebana hao na hiyo hela. Hii ilimkamata hadi ajuza mwenye frem moja ambaye siasa haijui.

Na Israel nayo isijitoe. Siku chache baada ya ile sheria ya 10 Machi, Moshe Sharett, waziri wake wa mambo ya nje, akasema mali hiyo iliyozuiwa Baghdad itahesabiwa kwenye fidia wanayodaiwa kwa Wapalestina. Ukipiga hesabu vizuri, duka la mtu wa Shorja limekatwa kulipia deni ambalo yeye hakulikopa, na Mpalestina aliyepoteza nyumba naye akaambiwa sehemu ya haki yake iko Iraq akaidai huko. Serikali mbili zilizokuwa maadui zikapata namna ya kutolipa, na wenye mali wakati huo wako kwenye mahema ya wahamiaji huko Israel.