Tuache Kuchora Jicho Lililovimba, Tuchore Sheria

Mabango ya kupinga ukatili wa majumbani yanafanana mno. Uso wa mwanamke, jicho limevimba, mdomo umepasuka, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: ACHA. Mimi mwenyewe nimeyatengeneza ya aina hiyo, tena zaidi ya mara moja. Siku hizi naona hayatoshi, maana yanamhurumia aliyepigwa na kuisahau sheria iliyoshindwa kumlinda.

Sisemi picha ya uso haina kazi. Mwaka 2015 Women's Aid, shirika la Uingereza linalopinga ukatili wa majumbani, liliweka London bango la kidijitali lenye uso wa mwanamke uliojaa majeraha. Kadiri wapita njia walivyozidi kulitazama, ndivyo majeraha yalivyopona. Nalipenda sana bango lile. Ila mtu akishatazama, aende akamdai nani, na amdai nini?

Hapo ndipo sheria yenyewe inapaswa kuwa picha. Urusi ilibadili sheria yake mwaka 2017: anayempiga mtu wa familia yake kwa mara ya kwanza, bila kumsababishia madhara makubwa kiafya, hashtakiwi tena kwa jinai. Adhabu yake inaweza kuishia kwenye faini, kuanzia rubli 5,000. Kwangu mimi, bango la habari hiyo ni risiti. Karatasi nyembamba, maandishi yale ya mashine yaliyofifia. Kofi, 1. Teke, 1. Jumla. IMELIPWA. Usiweke damu wala machozi, na chini ya neno hilo la mwisho acha weupe mtupu.

Kigumu zaidi kuchora ni ukatili usioacha alama: kumnyima mwenza fedha, kumtenga na ndugu zake, kumpekua simu kila usiku. England na Wales zilianza kuuhesabu udhibiti wa namna hiyo kuwa kosa la jinai mwishoni mwa 2015 tu. Sheria inayotafuta kidonda haiuoni, na sisi tunaochora vidonda tu tunaisaidia isiuone. Ningechora mlango wenye kitasa upande wa nje peke yake. Na pembeni, namba ya kifungu kinachotakiwa kubadilishwa, kubwa kuliko nembo ya shirika lililolipia bango.

Rasimu ya ile risiti nilimwonyesha dada yangu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Hii ni sheria kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nimtumie.