Mayai 30 Yaliyokataa Kuzama

Kidato cha pili tulifundishwa kwamba yai bovu huelea. Katika fizikia yote niliyosoma, hilo ndilo pekee lililonikaa kichwani, na ndilo lililoniaibisha mtaa mzima hapa Tanga.

Nilikuwa nimeamua kuuza mayai ya kuchemsha stendi. Nikanunua trei moja kwa Mangi wa kona, na kwa kuwa sikutaka mteja wangu wa kwanza aharishe, nikaona niyapime. Bomba halikuwa limetoa maji tangu jana yake, ila jikoni kwa mama mkubwa palikuwa na ndoo ya lita 10 imefunikwa kwa sinia, maji masafi. Nikatumbukiza yai. Likaelea. La pili likaelea. La tatu nililizamisha kwa kidole mpaka chini kabisa. Nilipoliachia likaibuka tena kama kiboko. Yote 30 yakaelea.

Kinachoniuma ni kwamba elimu yenyewe ilikuwa sahihi. Ganda la yai lina vitundu tusivyoviona. Siku zikipita, unyevu hutoka humo na hewa huingia, kijifuko cha hewa kule kwenye kitako kikazidi kutanuka. Ukubwa wa yai haubadiliki, uzito ndio unapungua. Sasa mayai 30, yote yamezeeka kiasi hicho? Kwangu huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe.

Nikabeba trei, huku njiani nikiwatangazia watu wasinunue kwa Mangi. Nilipofika dukani nilikuwa na wafuasi kumi hivi, pamoja na bodaboda wawili walioacha abiria zao.

"Mangi! Unatuuzia mayai ya mwaka juzi?"

"Mayai yameingia leo asubuhi, kaka."

Nikachukua moja nikalibamiza kizingitini ili watu waone ushahidi. Nikarudi nyuma nikiwa nimeziba pua. Umati wote ukaziba pua. Tukasubiri. Kiini kilikuwa kimevimba katikati ya ute, cha njano, kizuri, mtu angekikaangia chipsi.

Mtoto mmoja akauliza, "Mbona hainuki?"

Mangi hakunijibu. Alichota maji kwenye pipa lake akatia yai. Likazama, likalala ubavu kama mtu aliyetoka zamu ya usiku. La pili, likazama. Alipofika la tano nilikuwa natafuta upenyo wa kutokea. Kisha akasimama, akatazama ganda lenye ukungu mweupe lililomkaukia mkononi, akalamba kidole.

"Kaka, haya mayai umeyapimia baharini?"

Kumbe hata bahari ingenistahi. Lita moja ya maji ya bomba ina kilo 1. Yai bichi lingekuwa na ujazo wa lita moja, lingefika kama kilo 1 na gramu 80, ndiyo maana linakwenda chini. Maji ya bahari ni kilo 1 na gramu 25 hivi kwa lita, kwa hiyo hata pale Raskazone yai jipya lingezama. Ila ndoo ya mama mkubwa ilikuwa na pakiti nne za chumvi, za nusu kilo kila moja. Alikuwa ameandaa maji ya achari ya maembe. Humo yai lilikuwa ndilo jepesi, haijalishi limetagwa lini.

Nililipa yai nililovunja. Nikafagia na kizingiti, bila kuambiwa.

Nyumbani nikamkuta mama mkubwa ameinamia ndoo, yai mkononi.

"Mwanangu, njoo uone wazee wanavyopima chumvi ya achari. Unatia yai. Likizama, unaongeza chumvi. Likitoa utosi juu, imetosha."

Nikamwambia imetosha.

"Umejuaje, hata sijalitia?"

"Nimelipima mara thelathini, mama."

Ilibidi nimweleze yote. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akaniitia na jirani nirudie tangu mwanzo.

Biashara niliianza siku mbili baadaye, na nikaishiwa haraka. Nikalazimika kurudi kwa Mangi. Nilisubiri duka liwe tupu, nikaingia nikitazama chini, nikaomba trei moja.

Mangi akaweka kalamu sikioni.

"Ya kuzama au ya kuelea?"