Usiyaache Maharage kwa Sababu ya Gesi

Ukimuuliza mtu kwa nini ameacha maharage, jibu huwa moja: gesi. Anahamia kwenye wali mweupe na chipsi, tumbo linatulia siku mbili tatu, kisha choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa vilevile na hasira zinakuwa karibu. Kakimbia kero ndogo, kaikumbatia kubwa.

Maharage yana sukari za jamii ya rafinosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanazichachusha pamoja na nyuzinyuzi. Gesi inatokana na kazi hiyo. Lakini kazi hiyohiyo inazalisha butireti, chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo gesi kidogo baada ya mlo si ugonjwa, na inanisikitisha kuona watu wakinunua dawa kila wiki kuizima.

Gesi inayotesa mara nyingi huanzia jikoni. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, suuza, kisha weka maji mapya. Sehemu ya zile sukari huondoka na maji uliyomwaga. Yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hatua hii hairukwi, hasa kwa maharage mekundu: yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiharibu. Nyanya na ndimu zisubiri hadi yaive, kwa sababu uchachu huchelewesha kulainika. Magadi hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1. Na harage likikaa miaka ghalani litabaki gumu hata ulipikie nini.

Kosa la pili ni pupa. Mtu aliyekaa miezi bila maharage anakula bakuli zima usiku, halafu analalamika. Anza na vijiko 3 vya mezani vya maharage yaliyoiva kwa siku, wiki nzima. Wiki ya pili na ya tatu fika nusu kikombe, ya nne kikombe kimoja. Bakteria wanahitaji muda kuzoea. Kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukazia choo badala ya kukilainisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa karibu nusu. Ukishindwa kabisa, jaribu choroko, kwa wengi ni nyepesi zaidi.

Sasa hilo la hasira. Utasikia kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na furaha, hutengenezwa tumboni, basi kula vizuri ufurahi. Hesabu ni sahihi, ila serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni. Tumbo na ubongo huwasiliana kwa njia nyingine: neva ya vagasi, ambayo nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu, na kinga ya mwili. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 uliwapa vijana wa kijijini waliozoea vyakula vya asili, maharage yakiwemo, vyakula vya kizungu kwa wiki 2 tu. Viashiria vya inflamesheni, yaani kinga kuwaka pasipo adui, vilipanda katika damu yao. Inflamesheni ya muda mrefu inahusishwa na sononi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Huko Australia, jaribio la watu 67 wenye sononi lililochapishwa mwaka 2017 liliwasaidia baadhi yao kubadili mlo kwa wiki 12, jamii ya kunde zikiwemo: asilimia 32 walitoka kwenye sononi, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao waliopewa maongezi ya kirafiki tu. Ni jaribio dogo, na wengi waliendelea na matibabu yao. Anayetumia dawa za sononi asiziache akategemea sufuria.

Na si kila tumbo linalojaa linatibiwa kwa chakula. Choo cheusi au chenye damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, au maumivu yanayokuamsha usiku: nenda hospitali. Usijiandikie mwenyewe "vidonda vya tumbo". Vingi husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki, na kipimo cha choo kinaweza kumwonyesha bakteria huyo.